Mfupa Uliokataa Kuunga

Mwese, 14 Mei 2023

Mwanangu Fabrice,

Tumsifu Yesu Kristu. Sisi wazima, mimi na mdogo wako Emelyne. Mahindi tumevuna, maharage bado kidogo. Nakuandikia barua kwa sababu simu huku inashika kwa yule anayepanda mlimani, na mimi mlima ndio ulionishinda.

Habari yenyewe ni goti la kushoto. Ulipokuja kumzika baba yako uliniona nachechemea, ukaniuliza, nikasema nimejikwaa. Sikujikwaa. Huu ni mwaka wa tatu linauma, na sasa mguu umepinda kama upinde. Nikisimama kanisani magoti yameachana, kitenge kinaning'inia vibaya mpaka watoto wanatazama. Vigango vyangu vya kufundisha dini ni vinne, unavijua. Kile cha mbali nilikuwa nafika kwa saa mbili. Sasa natumia nusu siku, na Jumapili iliyopita nilifika watu wameshaimba wimbo wa mwisho. Wakanipa kiti na maji. Kilichoniuma pale ni aibu, goti hata sikulisikia. Paroko ameniambia kwa upole kwamba nikichoka yuko mtu wa kunipokea. Sijachoka, Fabrice. Nimekuwa katekista miaka ishirini na sita.

Emelyne alinipeleka Mpanda. Daktari alipiga picha, akasema kwa miaka yangu hamsini na tatu mimi si mtu wa kubadilishiwa goti zima, wala si mtu wa vidonge tu. Uko upasuaji wa kunyoosha mfupa, unafanyika huko kwenu Dar es Salaam, nao una njia mbili. Nikifika nitaulizwa nachagua ipi.

Nitachaguaje? Mama yenu alipofariki nikawachukua, nilikufundisha kusoma na kuandika, lakini mifupa sikukufundisha. Wewe ndiye unayeisomea. Niambie njia ipi, nami nitaifuata.

Shangazi yako,
Séverine


Dar es Salaam, 2 Juni 2023

Masenge wangu,

Wenzangu hapa wananicheka nikisema Masenge, kwao ni shangazi tu. Waache wacheke. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile picha ya goti ambayo Emelyne alinitumia kwa simu nimeiangalia pamoja na mwalimu wangu, Dokta Maximilian.

Goti lako limelika upande mmoja. Gegedu, ule utando laini unaokaa kati ya mifupa, umekwisha upande wa ndani. Upande wa nje bado ni mzima. Kwa kuwa mguu umepinda, uzito wako wote unaangukia pale pabovu, na unavyozidi kuangukia ndivyo panavyozidi kulika. Tukiukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti na kuunyoosha, uzito utahamia upande mzima, na goti litabaki lako mwenyewe. Goti la bandia linamfaa bibi wa miaka sabini anayekaa mjini. Kwa jembe na vilima vya Mwese litachakaa mapema.

Njia ya kwanza ni ya kufunga. Tunakata kipande cha mfupa upande wa nje, mfano wa kipande cha papai, tunakitoa, halafu tunalifunga pengo. Mfupa unakutana na mfupa, kwa hiyo unaunga mapema. Ubaya wake ni kwamba mguu unafupika kidogo, inabidi kuukata na ule mfupa mwembamba wa pembeni, na hapo karibu unapita mshipa wa fahamu. Mshipa huo ukiumia, unyayo unaweza kulegea.

Njia ya pili ni ya kufungua. Tunakata upande wa ndani, tunatanua polepole huku tunapima mpaka mguu unyooke, kisha tunashikilia kwa chuma na skrubu. Hakuna kipande kinachotolewa. Lakini pengo linabaki wazi, na mwili wenyewe ndio unaolijaza mfupa mpya. Hiyo ni kazi ya miezi, na katika miezi hiyo hutaruhusiwa kukanyaga ovyo.

Utafiti wangu wa kumalizia masomo unahusu jambo hilihili, nalinganisha wagonjwa wa njia hizi mbili. Kwa mguu wako ningechagua kufungua. Umepinda sana, na kwa njia hii tunapima vizuri zaidi tukiwa humohumo chumba cha upasuaji.

Swali moja la fomu, usikasirike. Je, unatumia tumbaku ya aina yoyote, sigara au ugoro? Tumbaku inauzuia mfupa kuunga, hasa kwa hii njia ya kufungua. Nijibu ndiyo au hapana tu.

Mwanao,
Fabrice


Mwese, 18 Juni 2023

Mwanangu,

Nimekuelewa, hata lile la papai. Emelyne alikata papai mezani akanionyesha, tukacheka, halafu tukala.

Tumbaku situmii. Katekista anaulizwa swali kama hilo? Andika hapana.

Na njia andika ile unayoitaka wewe. Nitakuja na Emelyne, tutapanda treni Mpanda tarehe watakayosema. Rafiki yangu Vénérande, yule wa kile kigango cha mbali, amenishonea nguo ndefu ya kuvaa hospitali. Anasema wagonjwa wa Dar hawavai kitenge. Mwulize nani kamdanganya.

Shangazi yako,
Séverine


Mwese, 24 Septemba 2023

Mwanangu Fabrice,

Tumefika salama. Kutoka Mpanda mpaka hapa Celestin wa pikipiki alinibeba kama yai, kila shimo anasema pole, na mashimo unayajua yalivyo mengi. Mguu niliunyoosha pembeni, Emelyne akafuata kwa pikipiki ya pili na magongo yangu.

Umenyooka. Nimeanza na habari za njiani, kumbe hili ndilo nililotaka kusema. Ijumaa nilisimama mbele ya kioo cha Emelyne, nimejishikilia kwenye magongo, nikatazama chini nikaona miguu miwili inayofanana. Nililia kidogo. Watu wanakuja kuutazama. Nawaambia mwanangu alikuwepo mlemle ndani, kavaa barakoa, na nilipokuwa nashikwa na usingizi wa sindano nilisikia sauti yake ikiniambia, "Masenge, hesabu moja mpaka kumi." Nilifika nne.

Magongo nayafuata kama ulivyoagiza. Mguu wa kushoto naugusisha chini tu, siukanyagi. Paroko amesema vigango vitanisubiri mpaka Noeli.

Shangazi yako,
Séverine


Dar es Salaam, 29 Oktoba 2023

Masenge wangu,

Picha mpya ya Mpanda nimeiona. Mguu umekaa sawa kabisa na chuma kimetulia. Pengo bado lina giza, mfupa mpya haujaonekana vizuri, lakini kwa wengine huchelewa. Usiwe na wasiwasi. Kula maharage, kunywa maziwa ukiyapata, na usikanyage mpaka nikuambie.

Nisamehe kwa kuandika kifupi. Wiki ijayo nasimama mbele ya maprofesa kusoma matokeo yangu. Dokta Maximilian anasema yamependeza. Uniombee.

Mwanao,
Fabrice


Mwese, 10 Desemba 2023

Mwanangu Fabrice,

Vénérande amefariki. Homa ya siku nne. Walipoleta habari nilikuwa nachambua maharage, nikaendelea kuchambua mpaka yakaisha, sijui kwa nini.

Tulitoka naye Burundi tukiwa wadogo kiasi cha kubebwa. Tulipata Komunyo siku moja, na miaka hii yote nikifika kigango chake ndiye aliyekuwa akiniwekea maji ya kunawa miguu. Singeweza kukaa nyumbani azikwe na mtu mwingine akisoma sala. Celestin alinipeleka mpaka kijito. Mvua imelibeba daraja la miti, pikipiki haivuki. Nikavuka na magongo, watu wamenishika huku na huku, kisha nikapanda kilima kile. Gongo moja lilizama kwenye tope. Hapo ndipo nilipoukanyaga mguu kwa uzito wote, mara mbili au tatu, na nikasikia kitu kimelia ndani kama kijiti kikavu.

Nilisoma sala zote mpaka mwisho.

Sasa mguu umevimba na unauma kuliko zamani. Emelyne atanipeleka Mpanda kesho. Nakuandikia mapema usije ukaiona picha ukashtuka.

Shangazi yako,
Séverine


Dar es Salaam, 21 Desemba 2023

Masenge,

Pole kwa msiba. Nilimpenda mama Vénérande.

Picha nimeiona. Skrubu mbili zimekatika, pengo limebonyea, na mguu umeanza kurudi ulikotoka. Mfupa haujaunga. Imetimia miezi mitano tangu upasuaji, na mahali pale hapakupaswa kuwa wazi namna ile.

Nilikuandikia mara ngapi usikanyage? Daktari wa Mpanda alikuambia, wauguzi walikuambia, Emelyne alikuambia. Mfupa unaosubiri kuunga haujui habari za msiba. Ulipovuka kile kijito ulivunja kazi ya watu wengi.

Sasa kaa kitandani, mguu juu ya mto. Nitaongea na Dokta Maximilian tuone la kufanya.

Fabrice


Mwese, 7 Januari 2024

Mwanangu,

Umesema kweli. Kosa ni langu. Nimeuharibu mguu na nimekuharibia kitabu chako cha utafiti. Waambie maprofesa kwamba mgonjwa huyu alikuwa mkaidi, wasikulaumu wewe wala yule mwalimu wako.

Usinijibu kama una kazi nyingi.

Séverine


Mwese, 18 Februari 2024

Kaka Fabrice,

Masenge hajui kwamba nakuandikia. Yeye yuko kanisani, wamekuja kumbeba kwenye kiti.

Tangu barua yako ya Desemba hali chakula vizuri. Mtu akija kumwona anamwambia, "Mwanangu aliniponya, mimi nikajivunja." Anasema hivyo kwa kila mtu, hata kwa mtu aliyekuja kuulizia mbegu. Paroko amemnyang'anya vigango. Vyote vinne amepewa Telesphor, ametoka Ilembo, ana pikipiki yake. Alikuja kusalimia na zawadi ya sukari. Masenge akampokea vizuri, akamkabidhi daftari za ubatizo, akamwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Alipoondoka alifunga mlango wa chumba chake mpaka jioni.

Kuna jambo alinikataza kukuambia. Nalisema, anisamehe. Ugoro hajauacha. Hata ulipomwuliza kwa barua, kopo lilikuwa palepale chini ya mto. Aliona aibu kukuandikia wewe. Huko Dar alikuwa anauvutia chooni. Ameuacha wiki mbili zilizopita, daktari wa Mpanda alipomwambia ndio unaoukausha mfupa. Nilikuwepo. Daktari alisema waziwazi kwamba mbali na ule mlima, mfupa wenye miezi mitano ulipaswa kuwa umeshaanza kushika. Masenge akasema, "Basi nimejivunja mara mbili."

Sasa nakuuliza, Kaka, na unijibu kweli. Tulipokuwa wadogo nani alikuwa akitumwa dukani kununua ule ugoro? Si mimi, mimi nilikuwa bado mdogo. Ulikuwa wewe, kila Jumamosi. Sasa ulimwuliza swali la nini? Na alipoandika hapana, ulimwamini?

Mdogo wako,
Emelyne


Dar es Salaam, 10 Machi 2024

Masenge wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Naomba uisome mwenyewe. Ukimaliza, mpe na Emelyne.

Nilijua. Nilipokuandikia lile swali la tumbaku nilikuwa najua jibu lake. Uliponijibu hapana nilijua si kweli, na nilifurahi. Nilifurahi, Masenge. Sina neno jingine.

Utafiti wangu ulihitaji wagonjwa ishirini kwa kila njia. Njia ya kufunga ilikuwa imetimia. Njia ya kufungua walikuwa kumi na tisa, na muda wa kupokea wagonjwa ulikuwa unakwisha mwezi wa saba. Anayetumia tumbaku haruhusiwi kuingia kwenye utafiti, na hapa kwetu hata nje ya utafiti hafanyiwi njia ya kufungua. Anafanyiwa ya kufunga, kwa sababu mfupa unagusana na mfupa na una nafasi ya kuunga hata kama damu yake ina tumbaku. Ile ndiyo iliyokuwa njia yako. Mguu ungefupika kidogo, basi. Leo ungekuwa unatembea.

Dokta Maximilian aliniuliza, "Tumbaku umemwuliza?" Nikamjibu, "Nimemwuliza, hatumii." Akaniamini. Asubuhi ya upasuaji nilikuja kitandani kwako na fomu ya kutia sahihi, nikasikia harufu ya ugoro kwenye kitenge ulichojifunika. Nilifungua dirisha ili Dokta asije akaisikia na yeye. Halafu nikakushikisha kalamu.

Picha ya Oktoba ilipokuja na lile giza, nilielewa, na bado nikakuandikia usiwe na wasiwasi, kwa sababu wiki iliyofuata nilikuwa nasoma matokeo. Na Desemba ulipoandika habari za mama Vénérande, nilipumua. Nilisema moyoni, sasa iko sababu nyingine. Ndiyo maana nilikuandikia kwa ukali vile. Miezi mitatu umebeba lawama yangu mimi nikikutazama.

Jumatatu nilimwambia Dokta Maximilian yote. Akasema, "Huyo ndiye aliyekulea?" Nikasema ndiye. Jina lako limeondolewa kwenye utafiti, na kazi yangu imesimamishwa mpaka wakae kikao. Nitapoteza mwaka, labda zaidi. Sikuandiki hili unionee huruma. Nilitaka ulisikie kwangu.

Dokta anasema mguu unaweza kukatwa tena, kwa njia ya kufunga, akishika kisu yeye mwenyewe. Mimi sitakuwemo. Uamuzi ni wako, na safari hii sitakuambia ningechagua nini.

Fabrice


Mwese, 9 Juni 2024

Fabrice,

Barua yako ilifika Kwaresima. Nimenyamaza mpaka mahindi yameingia ndani, kwa sababu kila nilipotaka kuandika, mkono uliandika maneno ambayo mama hamwandikii mtoto.

Nilikudanganya. Hilo nimeliungama kwa Padre na sasa naliungama kwako. Niliona aibu. Nilikuwa nawakemea wazee wa vigango kwa pombe na sigara, na nyumbani nina kopo langu. Nilidhani ukishakuwa mtu wa Dar umesahau, na nikapenda usahau. Kwa uongo ule nimelipa kwa mguu wangu, naona inatosha.

Lakini sikiliza na mimi. Nilipokuuliza njia ipi, sikumwuliza daktari. Madaktari nilishawauliza Mpanda. Nilimwuliza mtoto wa kaka yangu. Ungeniandikia, "Masenge, acha uongo, mimi ndiye niliyekuwa nakununulia," ningekasirika siku mbili, halafu ningecheka. Ulinijua kuliko mtu yeyote, ukakaa na unachokijua, ukaniacha nitie sahihi. Nimejaribu kuliweka hilo mahali fulani na bado halijakaa.

Mwezi uliopita tulikwenda Mpanda. Daktari anasema mfupa sasa umeanza kushika, tangu nimeacha ugoro. Umeshika palepale ulipobonyea. Mguu umepinda kuliko zamani na umefupika. Alichora kwenye karatasi jinsi unavyoweza kukatwa upya. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru. Sikatwi tena, Fabrice. Mwambie mwalimu wako nimemshukuru na yeye. Mwili huu umechoka kusubiri mfupa, na mimi nimechoka kusubiri pamoja nao. Nitatembelea magongo mpaka kanisani na kurudi, na shamba atalima Emelyne.

Telesphor anafanya kazi vizuri. Kile kigango cha mbali anafika kwa dakika arobaini. Watu wanamsifu, na wana haki. Wakipita hapa wananiambia, "Katekista, tumekukumbuka." Nawajibu vizuri. Ukweli ni kwamba wakiongea habari za kule, nani kazaliwa, nani kaoa, naumia mahali ambapo kisu cha daktari hakifiki.

Wakikurudisha kwenye kazi yako, rudi. Usiache. Nimesikia kwa Emelyne kwamba unataka kuacha, na hilo nalikataa. Ila mgonjwa akikujibu hapana, mwulize tena, na ukijua anadanganya, mwambie.

Emelyne anasema utakuja mwezi wa nane. Njoo. Enzi zile ukirudi kutoka sekondari nilikuwa nateremka mpaka pale pikipiki zinaposhusha watu, nakupokea begi naliweka kichwani, tunapanda wote huku unanisimulia. Safari hii sitafika. Utapanda peke yako, na utanikuta mlangoni nimeketi. Wewe utaniona kwanza, na najua macho yako yatakwenda kwenye mguu, maana ndiyo kazi yako. Nakuomba uanze na salamu.

Shangazi yako,
Séverine